Jina Nililompa Ciarunji

Mwezi wa nane uliopita simu yangu iliita saa sita mchana, nikiwa nasahihisha madaftari jikoni, na nilipoipokea nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiniambia kwamba Njeru amefariki. Sitanii. Kila mtu huijua sauti yake akiisikia kwenye simu, nyembamba kidogo kuliko anavyoidhania, na hii ilikuwa ndiyo, pamoja na lafudhi yangu ya Njombe na kile kikohozi kifupi ninachokitoa kabla ya kusema jambo zito. Aliyekuwa akisema ni Upendo binti Njeru, mwanamke wa miaka ishirini na saba anayefanya kazi ofisini mjini Embu, ambaye hajawahi kukanyaga Tanzania hata siku moja. Mimi pia naitwa Upendo. Jina hilo nilimpa mimi, yeye akiwa na miaka sita na mimi ishirini na mmoja, mwaka ule nilipotoka chuo cha ualimu kwa likizo ndefu nikavuka mpaka kwenda Kenya kuhubiri Injili. Tangu hapo nimefundisha, nimeolewa, nimezaa na nimezika, lakini nikiulizwa ni mwaka gani ulionifanya niwe hivi nilivyo, ni huo. Nimeukwepa muda mrefu kwa kisingizio kwamba namstahi Njeru. Sasa Njeru hayupo, na kisingizio kimekwenda naye.

Tulikuwa wanane, chini ya kijana mmoja mwenye sauti nzuri tuliyemwita Kaka Gideoni. Majuma mawili ya kwanza tulikaa Meru, mtaa wa Kinoru, katika ukumbi wa kanisa ulio karibu na uwanja wa mpira. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na ukungu, tukajifunika blanketi mbili mbili, na siku za mechi kelele za mashabiki zilitufikia katikati ya maombi. Akina mama wa jikoni walitupikia githeri, mahindi na maharage ya kuchemsha, yenye kabeji na viazi, wakawa wanatusikiliza tunavyoongea kama vile tunaimba. Siku moja nilipitia mlango wa nyuma nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Hawa wa Tanzania, hata chumvi wanaomba kama mtu ako kortini." Walicheka, nami nikacheka pembeni. Usiku hatukuruhusiwa kupiga soga. Tuliandika mafundisho ya mchana. Kaka Gideoni alitufundisha kwamba pepo haji na pembe, huja kwa mazoea ya nyumbani ambayo wenyewe hawayaoni tena, na kwamba kazi yetu ni kuyaona kwa niaba yao. Nililiandika hilo nikalipigia mistari miwili. Nilikuwa mwanafunzi mzuri sana, na mpaka leo nawaogopa kidogo wanafunzi wazuri sana.

Kisha tukatawanywa, kila mtu na familia yake. Mimi nilipelekwa chini, nyanda kavu za Mbeere, kwa Njeru, mzee wa kanisa aliyelima ndengu, ambazo kwetu ni choroko, na muguka, majani ya kutafunwa kama mirungi, na kufuga mbuzi. Nyumba yake ilikuwa ya mabati, vyumba vitatu na sebule, vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti na kalenda za miaka iliyopita ukutani kwa sababu picha zake zilikuwa nzuri. Joto la mchana lilifanya mabati yalie ta, ta, na vumbi jekundu likaingia hata kwenye Biblia yangu. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkewe Njeru, Wanja, alikuwa na methali hiyo tangu shuleni, akaitamka mlangoni huku akinipokea begi. Akanikalisha, akaleta ugali wa mtama na ndengu zilizokaangwa kwa vitunguu. Nilikuwa sijamaliza tonge la tatu niliposikia kutoka chumba cha nyuma sauti ya mtoto mdogo ikigomba kwa Kimbeere, maneno marefu yaliyonyooka, na Wanja akaacha sufuria na kujibu kwa heshima, kichwa kimeinama. Nikamuuliza Njeru mtoto anasema nini. "Anasema uji wa asubuhi ulikuwa na moshi," alisema. "Lakini si mtoto anasema. Ni mama yangu."

Alinipeleka nikaone. Kitandani alilala bibi mrefu, mwembamba, upande mmoja wa uso umeshuka, macho wazi. Alikuwa amepooza mwaka uliotangulia na ulimi ukafa pamoja na miguu. Chini, juu ya gunia, msichana wa miaka sita alikuwa anapukuchua ndengu, amempa bibi mgongo. Hakugeuka. Aliendelea kupukuchua akasema kwa Kiswahili cha shule ya chekechea, "Karibu mgeni. Usiudhike nikikosa kusimama, hizi miguu zilikufa." Niliangalia miguu yake mwenyewe, midogo, yenye vumbi, inachezacheza. Halafu nikamwangalia bibi, naye alikuwa ananitazama mimi, ananisubiri nijibu. Nilijibu. Nilisema shikamoo, nikiwa sijui naielekeza kwa nani kati yao. "Marahaba," alisema mtoto. Neno hilo watoto wa kule hawalijui.

Njeru alinieleza sebuleni, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kwenda kisimani. "Huyo ni mama yangu, na huyo mdogo pia ni mama yangu. Huyo anaitwa Ciarunji na huyo anaitwa Ciarunji. Msichana yako ya kwanza unamuita mama yako, ndio mama asipotee. Hata mimi namuitanga Mami." Nikamwambia jina naelewa, hata kwetu majina hurithiwa, ila kusema kwa niaba ya mtu asiyesema? Njeru akakuna kidevu. "Hiyo, mwalimu, hakuna mtu alimfundisha. Mama alinyamaza siku ya Jumapili, na Jumatatu huyu akaanza."

Nilijiambia ni mchezo wa mtoto mwerevu. Ningependa niendelee kujiambia hivyo. Lakini juma la pili, mchana, nilikuwa barazani naandaa somo la watoto, na Ciarunji mdogo alikuwa mbali kule nyuma ya ghala akiruka kamba na wenzake, wanaimba. Akasimama ghafla, kamba ikampiga miguuni. Akasema kwa sauti ya kawaida, ya kuchoka, "Wanja, nzi." Wanja akaacha kufua, akaingia ndani, nami nikamfuata. Nzi walikuwa wamejaa kwenye macho ya bibi. Wanja akawafukuza kwa kanga, akafunga dirisha, akarudi kwenye povu lake. Kule nje kamba ilikuwa imeanza tena. Nilisimama mlangoni mwa chumba kile, jua linawaka, watu wapo, kuku wanaparuza, na nikasikia baridi mgongoni ambayo sikuisikia hata usiku ule gari letu lilipoharibika Timau, kwenye baridi ya mlimani, tukienda Meru.

Niliamua kwamba ni pepo, na aliyeniunga mkono ni Wanja. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye ulimi, na alikuwa amechoka. "Mwalimu, wengine wako na mama mkwe mmoja," aliniambia tukichambua muguka asubuhi. "Mimi niko na wawili. Mmoja analala na mwingine ananifuata mpaka shamba. Juzi nilikuwa nimekaa tu, napumzika, huyu mtoto akasema, mimi nikiwa msichana sikukuwa nakaa hivyo. Mtoto nimezaa mimi!" Tulicheka mpaka majani yakamwagika. Lakini alipomaliza kucheka alinishika mkono. "Kama kuna maombi ya hiyo kitu, omba." Nikamwandikia Kaka Gideoni, naye akanijibu kwa mistari minne ya Biblia na maneno mawili: tenganisha, batiza. Mchungaji wa pale hakuona ubaya wa kubatiza mtoto wa mzee wa kanisa. Siku ilipofika alimwinua msichana mbele ya watu akauliza jina, na mimi, niliyekuwa nimesimama kama msimamizi wake, nikasema, "Upendo."

Njeru aligeuka akaniangalia. "Jina lako?"

"Ndiyo."

"Umekubali lako?"

Nilidhani ananipa heshima, kwamba anauliza kwa unyenyekevu kama jina langu ni la kugawa. Nikasema nimekubali, kwa sauti kubwa, watu wote wasikie. Pale mtu hagawi jina kama anavyogawa pipi. Njeru alinipa nafasi ya kukataa na mimi sikujua kwamba nimeulizwa swali. Jioni ile, wakati wa chai, nikatangaza kwamba tangu leo hakuna atakayemwita mtoto Ciarunji, wala Mami, ni Upendo. Wanja alipiga vigelegele. Njeru alikunywa chai yake, akasema, "Sawa. Mwalimu amesema."

Chumba cha nyuma kikawa kimya. Mtoto hakuingia tena. Akifika mlangoni alikuwa anasimama, anachungulia, kisha ananitafuta mimi. Nilifurahi. Niliandika barua ya ushindi kwa Kaka Gideoni. Siku ya tatu nilimsikia akikohoa kabla ya kujibu swali la mama yake, kikohozi kifupi, na sikukitilia maanani. Siku ya nne, tukila, akasukuma sahani akasema, "Mimi huu ugali wa mtama umenishinda, nakula kwa adabu tu." Wote waliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, maana nifanye nini. Lakini sentensi ile nilikuwa nayo kichwani muda huohuo, neno kwa neno, tonge likiwa mkononi.

Ilikuwa mchana tena, siku ya sita. Wanja alikuwa amekwenda kuchota maji, Njeru yuko kwa mbuzi. Tulikaa barazani na uteo wa ndengu katikati yetu, tunaondoa mawe, na mimi nilikuwa nawaza sala nitakayoongoza kesho yake kanisani, kwa sababu nilikuwa najulikana sasa, watu walitoka mbali kunisikia nikiomba, wanawake walilia. Mtoto alikuwa ameinama juu ya uteo. Akakohoa. Akasema, bila huzuni, huku anatupa jiwe pembeni, "Mimi nikifumba macho kuomba, hakuna mtu."

Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Sikuwahi hata kujiambia mwenyewe kwa maneno. Tangu utotoni niliomba vizuri, nilijua pa kupandisha sauti na pa kutetemeka, na kila mara, nyuma ya kope, palikuwa na chumba kitupu ambacho nilikipita haraka-haraka. Sasa mtoto wa watu alikuwa amekaa ndani yake anachambua ndengu. Nilimkamata mkono kwa nguvu mpaka uteo ukapinduka. Nikamwambia kwamba kusema "mimi" kwa jambo la mtu mwingine ni uongo mbele za Mungu. Nikamwambia Mungu huwasikia watoto wa hivyo na huwaacha. Nikamwapisha: asiseme tena kamwe neno la mtu ambaye hajalisema kwa kinywa chake, liwe la nani. Liwe la nani, nilirudia. Alitikisa kichwa kukubali, machozi yamejaa, kisha akashuka chini akaanza kuokota ndengu moja moja kutoka kwenye vumbi. Nimewahi kuisimulia hadithi hii kwa rafiki mmoja nikasema nilifanya yale kwa bidii ya dini. Si kweli. Nilifanya kwa woga, na nilimtishia kwa Mungu ambaye sikuwa na hakika kama yupo.

Siku ileile bibi alifunga mdomo. Wanja alimletea uji, akaukataa; akaweka sukari, akaukataa; akauchachua, akaukataa. Matone machache yalipita, hayakutosha. Macho yake yalizunguka chumbani, yakafika mlangoni, yakabaki pale. Alitoa sauti moja ya kooni, ileile, mara kwa mara, na kila mtu akabuni maana yake. Wanja alifungua dirisha akalifunga, akamfunika akamfunua. "Afadhali angenitusi," alisema siku ya nne tangu bibi akatae uji, amekaa kizingitini, uso umekwisha. "Alikuwa ananitusi na ninajua nifanye nini." Mimi nilimsomea Zaburi asubuhi na jioni, nikikaa karibu na dirisha, nimemlaza anielekee, kwa saa nzima, nikiamini sauti ile ya kooni ni nafsi inayopigana. Mtoto alishinda nyuma ya ghala. Akiitwa alikuja, akiulizwa alijibu ndiyo au hapana, na hakukohoa tena.

Siku ya saba Njeru alinifuata kwenye mimea ya muguka, mapema, kabla jua halijawa kali. Alivua kofia. Mtu wa umri wake kunivulia kofia mimi ilinitia aibu, nikaangalia majani. "Mwalimu, mimi sina maneno mingi," alisema. "Mama anaenda, na hatujui anataka nini. Nakuomba urudishe jina. Hata kama ni leo tu. Mtoto akae na yeye, amsikie, kesho unaweza kuchukua tena."

Nikamwambia jina la ubatizo halirudishwi.

"Najua iko hivyo kanisani." Alizungusha kofia mikononi. "Lakini huyu alikuwa ndiyo mdomo yake. Na akienda, ndiyo alikuwa njia yake ya kurudi. Sasa atarudia kwa nani? Mwalimu, huyo ni mama yangu."

Ningeweza kusema ndiyo. Hakukuwa na mtu pale isipokuwa yeye na mimi na ndege. Lakini nilijua kwamba nikimfungulia mtoto mdomo kwa ajili ya bibi, nitakuwa nimeufungua pia kwa ajili yangu, na Jumapili ilikuwa karibu, na kanisa lingejaa. Nikamwambia Njeru imani hujaribiwa, na hili ni jaribu lake. Nilimwambia hivyo mtu aliyenilisha majuma sita. Alivaa kofia yake, akashukuru, akaenda kufungulia mbuzi.

Bibi alikufa siku ya tisa, saa sita mchana, mabati yakilia ta, ta juu yetu. Wanawake waliomwosha walitoka ndani, na mmoja wao aliniangalia kwa muda, akaenda kunawa mikono. Tulizika. Nikaombwa niongoze sala kaburini, nikaiongoza, na ilikuwa sala nzuri. Niliporudi nyumbani mwezi uliofuata Njeru alinifungia ndengu na asali kwenye chupa ya soda, akanisindikiza hadi barabarani, na kila Krismasi kwa miaka ishirini na moja alinitumia salamu. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Kwa upande wangu niliacha kuhubiri, nikamaliza chuo, nikafundisha hesabu. Watoto wakinijibu "mwalimu, sijui," huwa nawapongeza, nao hudhani nina kichaa.

Basi nilikwenda kumzika Njeru, na baada ya mazishi Upendo akanichukua nyumbani kwake Embu mjini, mtaa wa Dallas, nyumba ya vyumba viwili yenye sofa ya kahawia na televisheni iliyofunikwa kitambaa. Alinipikia wali kwa nazi ya kopo, akisema alijua ningeupenda. Simu yake ilipoita, aliongea kama mtu wa pale, "Niko home, nitakushow kesho, sawa?" Akinigeukia mimi alisema kama mtu wa Njombe, akaona ninavyomtazama. "Sijui kwa nini," alisema. "Nikiongea na wewe inakuja yenyewe. Wenzangu ofisini hawajawahi kunisikia nikisema hivi." Tulikula. Alinionyesha picha za baba yake, akalia, tukalia pamoja. Ilikuwa alasiri, watoto wa jirani wanapiga mpira ukutani, na chai ilikuwa imeshamiminwa mara ya pili nilipopata ujasiri wa kumuuliza swali nililolibeba tangu nikiwa msichana.

"Zile siku tisa," nilisema, "nilipokukataza. Ulikuwa umeacha kumsikia?"

"Hapana. Nilimsikia kila siku, asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa nakwenda nyuma ya ghala naziba masikio, na bado namsikia. Lakini ulikuwa umesema Mungu ataniacha."

Nilimwomba anisamehe. Akasema alikuwa ameshanisamehe zamani, akiwa sekondari, siku moja tu aliamka akakuta amenisamehe. Ningeishia hapo kama ningekuwa na akili. Lakini nilitaka kujua. Nilijiandaa kwa laana, maana laana ningeistahili. Na moyoni, kwa sababu majivuno hayafi, nilitumaini kwamba bibi aliniombea.

"Alikuwa anasema nini?"

Upendo alishika kikombe kwa mikono miwili. "Ulikuwa umemlaza ubavu wa kushoto, ili akuone unavyosoma Zaburi. Kila mama alipomgeuza, ulikuwa unamrudisha. Alikuwa anasema, nigeuzeni." Akalisema na kwa Kimbeere, polepole, kwa sauti ambayo haikuwa yangu wala yake. "Hilo tu, Anti. Siku zote tisa. Nigeuzeni, panauma."